Kinanda na Ukurasa Asioujua

Kila asubuhi baba yake Kinanda alitembea kinyumenyume. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa msokota kamba, na kazi hiyo ndivyo ilivyo: mtu hujifunga kitita cha nyuzi za katani kiunoni, akazitoa kidogo kidogo kwa vidole, akarudi nyuma hatua kwa hatua huku mwenzake akizungusha gurudumu. Uwanja wao ulikuwa mwembamba na mrefu. Baba akifika mwisho wake alionekana mdogo kama kidole, na kamba ilikuwa imetanda katikati yao, ikitetemeka.

Aliyezungusha gurudumu alikuwa Kinanda, binti yake wa miaka kumi na mmoja. Kinanda si jina alilopewa na wazazi. Wasokota kamba ndio waliomwita hivyo kwa ajili ya sauti yake.

"Haya, Kinanda, tupigie!" baba alipaza sauti kutoka kule mwisho.

"Unataka lipi, Baba?"

"Lile la mchungaji na kondoo."

Kinanda akaanza. Alilitoa somo zima la Maandiko, mstari baada ya mstari, bila kuruka neno, huku mkono wake ukizungusha gurudumu. Wasokota kamba wengine wakapunguza mwendo ili wasikie.

"Mtoto huyu atakuja kutusomea hata mioyo yetu," mmoja alisema.

"Wako hausomeki, umejaa madoa!" mwingine akamjibu, na uwanja mzima ukacheka.

Baba hakucheka. Alitabasamu tu, akatazama nyuzi zake. Yeye hakujua kusoma, wala baba yake, wala babu yake. Katika ukoo wao mzima, huyu binti alikuwa wa kwanza.

"Osha mikono, uende," mama alisema kutoka mlangoni. "Bibi hapendi vumbi la katani kwenye kitabu chake."

Zamani hizo hakukuwa na shule ya serikali wala vitabu vya picha vya watoto. Mtoto mwenye bahati alipelekwa kwa mtu anayejua kusoma, akasomea kitabu kilichokuwamo nyumbani mwa mtu huyo. Mara nyingi kilikuwa kimoja tu, Maandiko Matakatifu. Mtoto alianza na kibao cha mbao chenye herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto. Akizijua herufi, alifundishwa kuunganisha silabi. Akiweza silabi, alipewa Maandiko yenyewe mkononi, na kuanzia hapo alisoma maneno yaleyale mazito wanayosoma wazee: habari za wafalme, za vita, za misiba. Hakuna aliyemwuliza kama anaelewa.

Katika mtaa wao mwalimu alikuwa mjane mmoja mzee aliyeitwa Bibi Kibao. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kile kibao cha herufi, si kwa sababu ya kupiga. Miaka yote aliyofundisha hakumpiga mtoto hata kofi la mzaha. Watoto walikaa sebuleni kwake kwenye mabenchi mawili, wadogo na kibao upande wa mlango, wakubwa na kitabu upande wa dirisha.

Bibi alikuwa na namna yake ya kufundisha. Alisema mstari kwa sauti, wakubwa wakauitikia mara tatu. Kisha kitabu kilizunguka. Aliyekipokea aliweka kidole kwenye neno la kwanza, Bibi akamtajia neno hilo ili kumwanzisha, naye akaendelea peke yake mpaka mwisho wa mstari.

Siku hiyo kitabu kilifika kwanza kwa Kobe, binti wa mtengeneza mishumaa. Watoto walimpa jina hilo kwa ajili ya mwendo wake wa kusoma. Kobe aliinamia ukurasa mpaka pua ikakaribia kuugusa.

"A... ka... akai... nu... akainua... ma..."

"Kobe," Kinanda alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "ukifika mwisho wa mstari utatukuta tumeota mvi."

Benchi lote likaangua kicheko. Kobe akaziba masikio, kisha akaanza upya.

"Mwacheni," Bibi alisema. "Anayechimba kisima hashindani na anayeteka maji."

Kitabu kikaja kwa Kinanda. Akaweka kidole, Bibi akamtajia neno la kwanza, na mstari ukamtoka kama maji mtungini. Kidole chake kilitembea juu ya karatasi vizuri sana. Hata mtu mwenye macho mazima asingegundua kitu, na Bibi Kibao hakuwa na macho mazima. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia tangu miaka mitano nyuma, jicho moja kisha la pili, mpaka mboni zikawa nyeupe kama maziwa. Mistari aliyowafundisha siku hizi aliitoa kichwani.

Kinanda hakujua kusoma.

Siri hiyo aliijua yeye peke yake. Alipoanza darasa, akiwa na miaka saba, aliugua homa iliyomlaza miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu ndiyo wenzake waliyojifunzia kibao. Aliporudi, aliwakuta wamehamia benchi la dirishani. Kurudi mlangoni kukaa na watoto wadogo aliona aibu. Akakaa na wenzake, akasikia mstari, akausema. Ulimtoka mzima, kwa maana alikuwa na sikio ambalo halikuachia kitu. Bibi alifurahi. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Kila siku ilifanya kusema kweli kuwe kugumu zaidi ya jana, mpaka miaka minne ikapita.

Katika mji ule mgonjwa aliyekaribia kufa alikuwa na haki ya kuomba asomewe ukurasa anaoupenda. Kiongozi wa sala alipita mara moja tu kwa mwezi, na wasomaji walikuwa wachache, kwa hiyo Bibi Kibao alituma mmoja wa wanafunzi wake. Mwezi uliopita, mama yake fundi viatu aliomba somo la mchungaji. Kinanda alitumwa, akafungua kitabu popote tu, akalitoa kwa sauti ile. Fundi viatu alilia. Yule mama mzee alifariki alasiri ileile. Mtaani watu walisema: amekwenda kwa amani, binti wa msokota kamba amemsomea. Baba aliisimulia habari hiyo kwa kila aliyekuja kununua kamba.

Kisha Bibi Kibao mwenyewe akaanguka. Kifua kilimbana, miguu ikavimba, na darasa likafungwa. Mpwa wake, mwanamke mshonaji, alihamia kwake kumwuguza. Siku ya nne mshonaji alikuja uwanja wa kamba na sindano bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake.

"Anamwita Kinanda," alisema. "Anataka kusomewa. Nimemwambia tungoje kiongozi wa sala, amekataa. Anasema yule alifundishwa na wengine. Yeye anataka kusomewa na wa kwake."

Baba akamwekea binti yake mkono begani. Mkono ule ulikuwa mgumu kama gome la mti. "Nenda, mama. Nenda ukamlipe mwalimu wako."

Chumba cha Bibi kilikuwa nyuma ya sebule. Kulikuwa na kitanda, kiti, mtungi wa maji, na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Bibi alikuwa amepungua sana. Blanketi lililala juu yake kama lililotandikwa juu ya vijiti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na sauti yako?"

"Nimekuja nayo."

"Basi keti. Kitabu kiko hapo. Kuna uzi mwekundu ndani. Fungua kwenye uzi."

Kinanda alitumaini lingekuwa somo la mchungaji, au la mpanzi, au lolote kati ya yale arobaini aliyoyajua. Akafungua. Ukurasa ulikuwa umejaa alama nyeusi, kama kurasa zote.

"Huo hatukuusoma darasani," Bibi alisema. "Niliogopa kuwatwisha watoto. Ni habari ya mama mmoja ambaye wanawe waliuawa, miili yao ikaachwa mlimani bila kuzikwa. Mama yule akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo, akafukuza ndege mchana na wanyama usiku ili wasiwaguse wanawe." Akapumzika kidogo. "Mimi nilizika wana wawili, mwanangu. Wiki moja. Homa. Ulikuwa hujui, eh? Jioni tuliyomzika wa pili, marehemu mume wangu alinisomea ukurasa huo. Nikajua kumbe yuko mama mwingine. Macho yalipoanza kufifia nikasema, haidhuru, nina watoto wa darasa. Siku moja mmoja wao atanisomea. Maneno yenyewe yamenitoka, yamebaki makombo tu. Nataka niyasikie yote kabla sijaenda. Soma."

Kinanda alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi na mshonaji alikuwa mbali uani, asingesikia. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea njia moja. Akaanza na gunia na mwamba, kama Bibi alivyosimulia, na maneno yalipomwishia akaazima mengine. Akachukua ya mchungaji, majani na maji, akayashona na ya mpanzi, akaifanya sauti iwe tamu kadiri alivyoweza.

Bibi aliinua kidole.

"Majani hayo ni ya mchungaji. Yako mbali na hapo kurasa mia na zaidi. Yamefikaje mlimani?"

Kinanda akatazama alama zile nyeusi.

"Weka kidole kwenye neno la kwanza. Usinitajie neno. Nitajie herufi tu."

Kinanda akaweka kidole.

"Sijui, Bibi."

"Hujui herufi hiyo, au hujui herufi?"

"Sijui herufi."

Bibi hakufoka. Angefoka ingekuwa afadhali. "Tangu lini?"

"Tangu nilipougua."

"Na kule kwa mama yake fundi viatu?"

"Nilisema kwa kichwa."

Bibi akageuza uso, akatazama ukuta kwa macho yale yasiyoona.

"Nilikuwa nikijiambia macho yangu yanakufa, lakini yanazaliwa upya kwa watoto wa watu," alisema. "Kumbe nilikuwa nafuga kasuku. Nenda, mwanangu. Rudisha mlango."

Nyumbani Kinanda alisema kwamba alimkuta Bibi amelala. Mama akamwambia basi atakwenda kesho. Kesho yake alisema tumbo linamwuma, na keshokutwa likaendelea kumwuma. Usingizi ulimkimbia na chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Alijaribu kuimba kwenye gurudumu ili baba asimtilie shaka. Sauti ilitoka, lakini kila neno lilimrudia usoni.

Asubuhi ya tatu mshonaji alikuja tena. Safari hii hakuwa na haraka. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Amegoma kula," alimwambia mama. "Amegeukia ukuta. Jana Kobe, yule wa mtengeneza mishumaa, alikuja mwenyewe, hakuitwa, akasema atamsomea. Shangazi amemfukuza. Anasema hataki mtoto mwingine aje kumdanganya. Anasema miaka yake yote imekwenda bure, hakumfundisha mtu. Sijui nini kimempata. Ananikatalia hata maji."

Gurudumu likasimama. Kamba ikalegea, ikalala chini kwenye vumbi, na mwisho wa uwanja baba akayumba.

"Zungusha, wewe!" alipaza sauti. "Unaniua!"

Kinanda hakuzungusha. Alikaa chini pale pale, akafunika uso kwa mikono yenye katani, akasema yote. Alisema habari ya homa, ya kibao, ya kidole kinachotembea, ya mama yake fundi viatu, ya ukurasa wenye uzi mwekundu. Aliyasema kwa sauti kubwa kwa sababu kilio hakikumwachia nyingine, na wasokota kamba wote wakasikia.

Hakuna aliyecheka. Yule aliyetaniwa kwa moyo wenye madoa alitazama miguu yake. Mama alikaa juu ya rundo la katani.

Baba alikuja kutoka mwisho wa uwanja. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitembea kwenda mbele, na ilichukua muda. Alipofika hakumpiga. Alisimama tu, mikono ikining'inia.

"Nilimwambia kila mtu," alisema. "Kila aliyekuja hapa. Niliwaambia, binti yangu anasoma."

"Nisamehe, Baba."

"Siyo mimi wa kwanza wa kuombwa." Akaokota kamba iliyolegea, akaipitisha mkononi kipande kwa kipande mpaka akafika mahali ilipojikunja. "Unaona hapa? Ikiharibika hatuishoni juu juu, mtu akaipandia akavunjika shingo. Tunaifumua mpaka pale ilipoharibikia, tunaanza hapo. Yako iliharibikia wapi?"

"Kwenye kibao."

"Basi ondoka hapa, ukaanze pale."

Kwanza alikwenda kwa Kobe. Karakana ya mishumaa ilinuka shahamu iliyoyeyuka. Kobe alikuwa akichovya safu ya tambi za mishumaa kwenye sufuria kubwa, anazitoa, anazingoja zigande, anazichovya tena. Alimsikiliza Kinanda mpaka mwisho bila kuacha kuchovya.

"Kinanda leo anabisha hodi kwa Kobe," alisema hatimaye. "Dunia imepinduka?"

"Nifundishe herufi."

"Kwa hiyo siku zote ulipokuwa ukinicheka, mimi nilikuwa nasoma na wewe ulikuwa huna hata a?"

"Ndiyo."

Kobe akatundika tambi kwenye kigingi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hasira. "Nilifukuzwa kwa sababu yako, unajua? Nilisikia Bibi anataka kusomewa, nikafanya mazoezi kichwani siku mbili, nikiwaza atanipa ukurasa upi. Nikaambiwa ni mwongo kabla sijafungua mdomo."

"Najua. Nimeambiwa."

"Unastahili nikumwagie sufuria hii." Akafuta mikono kwenye aproni. "Twende. Kibao kiko kwa Bibi."

Mshonaji aliwaruhusu kukaa sebuleni, mradi wasiingie chumba cha ndani. Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa. Kinanda alikaa kwenye benchi la wadogo, magoti yakimgonga kidevu, na Kobe akaweka kibao mapajani mwake.

Lilikuwa jambo chungu. Sikio lake lilikuwa jepesi, lakini jicho lake halikuwa limewahi kufanya kazi, na herufi zilimchezea. Alizozijua asubuhi alizipoteza adhuhuri. Mara nyingi alitaja ile aliyodhani ingekuwapo badala ya iliyopo.

"Unabahatisha!" Kobe alifoka. "Usikumbuke. Tazama!"

"Natazama!"

"Unatazama kama kuku anayetazama saa."

Siku ya tatu alizijua zote. Siku ya nne wakaanza silabi, na Kinanda akalia kwa sababu hata neno dogo lilimchukua muda mrefu kama ule aliokuwa akiutumia kulisema somo zima. Chumba cha ndani kilikuwa kimya. Kila mshonaji alipotoka na sahani, sahani ilikuwa imejaa. Alikuwa akimkamulia Bibi maji mdomoni kwa kitambaa.

"Hatuwahi," Kinanda alimwambia Kobe siku ya sita.

"Pengine hatuwahi," Kobe alisema. Hakuwa mtu wa kupaka asali maneno.

Siku hiyohiyo mshonaji aliwatolea kitabu, wakakifungua kwenye uzi mwekundu. Kinanda akaweka kidole. Akakwama kwenye neno la tatu, akakaa, akakaa, mpaka Kobe akashindwa kuvumilia, akafungua mdomo amtajie.

"Usimtajie."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango. Ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Mimi nilikuwa nikiwatajia la kwanza," Bibi alisema. "Kosa langu hilo. Mwache akwame."

Wote wawili wakatazamana. Kinanda akarudi kwenye neno la tatu. Alilipata baada ya muda ambao ungetosha kuchovya mshumaa mzima. Jioni ile sahani ilitoka imepungua vijiko viwili.

Siku ya tisa mshonaji alifungua mlango. Uso wake ulikuwa umechoka. "Anasema muingie. Msimchoshe. Nadhani zimebaki siku chache, na pengine hata chache ni nyingi."

Bibi alikuwa mdogo zaidi. Kila pumzi aliivuta kama mtu anayepandisha ndoo kutoka kisimani. Kinanda akaketi kitini, kitabu magotini. Kobe akasimama nyuma yake.

"Sijui kusoma vizuri, Bibi," Kinanda alisema. "Nitakwama."

"Kwama."

Akaanza. Ilikuwa mistari saba tu. Sauti ya kinanda haikuwapo. Ilikuwa sauti ya mtoto anayepanda mlima na mzigo kichwani. "A... ka... twa... akatwaa... gu... gunia..." Kulikuwa na maneno aliyoyasoma vibaya, akarudi nyuma, akayasoma tena. Mchana uliingia wakiwa kwenye mstari wa nne. Mshonaji alileta maji, hakuna aliyekunywa. Bibi alilala macho wazi, midomo ikimfuata. Mama wa kwenye ukurasa alitandika gunia lake polepole, silabi kwa silabi, na kwa mwendo ule Kinanda alimwona kweli kwa mara ya kwanza: mwanamke mtu mzima, peke yake, anapunga mikono ovyo kufukuza ndege.

Mstari wa mwisho ulikuwa na neno refu. Alikwama hapo mpaka machozi yakaanza kudondoka kwenye karatasi, na Kobe akamshika bega lakini hakumtajia.

"Tangu... mwa... mwanzo wa ma... vuno... mpaka... mvua... i... ili... po... ilipowa... nye... she... ilipowanyeshea."

"Umesema nini?" Bibi aliuliza.

Kinanda akaogopa. "Nimekosea?"

"Mpaka nini?"

"Mvua, Bibi. Imeandikwa mvua. M, v, u, a."

"Kobe, tazama."

Kobe akainama, pua karibu na karatasi. "Ni mvua, Bibi. Mpaka mvua ilipowanyeshea."

Machozi yalitoka kwenye macho yale meupe, yakaingia masikioni.

"Mimi nilisahau mvua," alisema. "Miaka arobaini. Nilijua yuko mlimani tu, anafukuza ndege. Nilidhani hadi leo yuko kule. Kumbe mvua ilinyesha, akashuka."

Baadaye alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Kinanda.

"Sasa sikieni, na wewe Kobe sikia, maana sina pumzi ya kurudia. Kobe, nilikufukuza kwa kosa la mwenzako. Ndivyo uongo ulivyo, humchafua hata asiyeusema. Nisamehe." Akavuta pumzi. "Na wewe. Kuwa na kichwa kinachoshika si kosa, ni kipawa. Kosa ni kumpa mtu aliye gizani kitu kimoja na kumwambia ni kingine. Kipofu, mgonjwa, asiyejua kusoma, hawa wanaishi kwa kuamini tu. Ungeendelea na majani yako siku ile, ningekufa bila mvua."

"Na mama yake fundi viatu?" Kinanda aliuliza kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Yule ulimpa maneno yaleyale aliyoyaomba, bahati yako. Lakini utakwenda kwa mwanawe, utamwambia. Itauma. Huenda asikusamehe, na hilo utalibeba." Kidole chake kilipapasa vidole vya mtoto kimoja kimoja. "Uliogopa kusema neno moja, sijui. Neno lile lina uchungu wa siku moja. Wewe ulilikwepa, ukala uchungu wa miaka minne na ukanilisha na mimi. Asiyejua akasema sijui, huyo ameshaanza kufundishwa."

"Ndiyo, Bibi."

"Usinijibu ndiyo. Unadhani nimejuaje leo kwamba unasoma, na sioni? Umekwama mara nyingi mno. Mtunzi hakwami."

Mshonaji alitoa ishara kutoka mlangoni kwamba yatosha. Bibi akatikisa kichwa.

"Mstari wa mwisho," alisema. "Nirudie."

Kinanda akafuta karatasi kwa ukingo wa gauni, akaweka kidole. Maneno ya mwanzo wa mavuno aliyapita upesi kidogo kuliko mara ya kwanza. Kisha akafika kwenye lile neno refu, akakwama palepale. Kobe alifungua mdomo, akaufunga. Nje mtu alipita akikokota kitu kizito kwenye mawe, sauti ikaja, ikapotea.

Bibi alingoja.